Waya wa Simu Mkononi mwa Mama Mkwe

Gorong'a, Tarime
Machi 1977

Ndugu Mshauri,

Naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana mwenyewe nimeshajihukumu na haijanisaidia kitu. Mimi ni fundi wa laini ya simu, kazi yangu ni nguzo na waya kutoka Tarime mjini mpaka kijijini kwetu, ambako tuliletewa simu baada ya watu kuhamia pamoja, simu moja tu, ile ya kuzungusha kwa mkono, iko ofisi ya kijiji, na watu wote wanaitegemea, kwa gari la hospitali, kwa habari za mbegu, kwa kuongea na ndugu walioko Mwanza.

Tangu Novemba waya umekatwa mara tatu. Mara mbili nilipanda nguzo nikaunganisha, nikarudi nyumbani nimechoka na hasira, na mara ya tatu, Januari, kabla sijapata habari, binti anayeitwa Nyangi alishikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya, mwenyekiti akazungusha simu mpaka mkono ukafa ganzi, kimya, wakambeba kwa kitanda kwenda barabara kuu kutafuta gari, na Nyangi alipona lakini mtoto hakufika hai.

Haukupita mwezi, tukawa na shughuli ukweni kwangu. Kwetu Wakurya mwanamume haongei ana kwa ana na mama mkwe wake, tunapishana kwa mbali kwa heshima, lakini macho hayana pazia, nikamwona anapakua ugali na mkononi ana bangili mpya za shaba, na katika moja niliona doa la risasi ya kulehemu nililochomelea kwenye waya wa simu kwa mikono yangu mwaka jana, ndugu Mshauri, fundi anaijua kazi yake kama mama anavyojua mwanawe.

Nikamuuliza mke wangu Rhobi, "Hizo bangili mama kazitoa wapi?"

"Kaletewa na Werema. Kwani wewe bangili za mama zinakuhusu nini?"

Werema ni mdogo wake Rhobi, mtu mzima, ana mke na ng'ombe zake. Nikamfuata zizini, hata hakukataa. Alisema, "Shemeji, waya wa serikali hauna mwenyewe. Ukitaja jina langu, dada yangu anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na wanao utawalea mwenyewe."

Nikarudi nyumbani bila kumtaja kwa mtu. Halafu mgambo wakamkamata mzee Heche, kwa sababu mlango wa zizi lake umefungwa kwa waya wa simu, na kwa sababu zamani alilalamika kwamba nguzo zimepita katikati ya shamba lake. Mzee Heche ndiye baba yake Nyangi. Leo ni wiki ya tatu yuko mahabusu.

Nimejaribu kujifariji. Mhandisi aliyetoka Mwanza alituambia kwamba huko mbele simu haitapita tena kwenye waya, itajengwa minara ya kurusha sauti hewani, na sisi mafundi wa nguzo tutasoma upya au twende tukalime, basi nikajiambia kwamba huo waya mwisho wake ni chakavu tu, nani atauulizia. Lakini pia wakubwa wangu wa kazi wamesema waya ukikatwa tena watang'oa laini yetu waipeleke kijiji kingine.

Na jambo la mwisho, kipande kile cha zizini kwa Heche nilimpa mimi. Kilikuwa kimebaki kazini, na sisi haturuhusiwi kugawa hata shubiri. Nikisema, ninapoteza kazi. Nifanye nini?

Fundi, Gorong'a

JIBU

Ndugu Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeiweka chini nikazunguka chumba. Umeanza na nguzo, ukaja na bangili, ukanieleza minara, na lile lenye uzito ukalisukuma mwisho kama mtu anayeficha mfupa chini ya mkeka. Swali lako halimhusu mama mkwe. Unajua kwa hakika kwamba mzee wa watu hana kosa, kwa sababu waya ule umetoka mkononi mwako, na umemwacha alale sakafuni wiki tatu akiwa bado na msiba wa mjukuu.

Pole kwa vitisho vya shemeji yako. Najua ukweni si mahali pa kuvunja heshima, na najua mshahara wako unalisha watu wengi. Lakini usiniletee habari za minara. Mnara haujafika Gorong'a. Nyangi alijifungua Januari, na mwezi huo njia ya kuita gari ilikuwa waya ule. Mitambo ibadilike au isibadilike, kazi yako ni sauti ya mtu ifike.

Leo, kabla ya kulala, mwambie Rhobi yote. Asisikie kwa watu. Kesho nenda kwa mkubwa wako wa kazi, mweleze kwamba ulimpa Heche kipande kile, andika, tia sahihi, kisha upeleke karatasi hiyo polisi siku hiyohiyo. Usimngoje Werema, maana kumtoa Heche hakuhitaji ruhusa yake. Unaweza kufukuzwa kazi, sitakudanganya. Ukibakizwa, omba upelekwe kusomea hiyo mitambo mipya badala ya kuiogopa.

Kwa mama mkwe usiende. Mtume mshenga aliyepeleka ng'ombe zako za mahari, aende na shangazi yake Rhobi, wamweleze mama kwa adabu bangili zile zimetoka wapi. Yeye labda hajui, na akijua ni mtoto wa nani aliyekufa kwa ajili ya mapambo yake, sidhani atazivaa tena. Wampe Werema siku tatu ajipeleke mwenyewe polisi na bangili mkononi. Zikipita, jina lake ulitaje wewe. Na Rhobi akiondoka, mfuate kama mume, uzungumze na wazee, lakini usilifute neno lako.

Heche akitoka, usimpelekee soda na maneno matamu. Huu ni msimu wa palizi na shamba lake limekaa bila mwenyewe. Chukua jembe uende asubuhi, uanzie kwenye mstari wa kwanza. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, na kesho yake urudi.