Uongo Usio na Kilo Haupokelewi

Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Kagwiria,

Muga sana. Habari ya hapo Kianjai, habari ya mguu wako, na wa ng'ombe pia, maana nasikia mnachechemea pamoja. Mimi ni mzima kabisa, nguvu ziko, miraa inauzika, na hapa sokoni hawataji wafanyabiashara bila kuanza na jina langu. Ningekupigia simu, lakini wewe nikianza tu kueleza unakata. Barua haikatwi. Soma polepole ukiwa umeketi.

Ulinituma kwa binti yako nimwambie afunge virago, aende kwa ile shule ya kibinafsi uliyomtafutia Meru, kwa sababu hapa anamaliza ujana wake akifundisha fizikia watoto wasioitaka. Nilienda, dada. Siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu, Bwana Umuro, aliniambia pale langoni kwamba wasipopatikana wanafunzi kumi na tano wa kuchagua fizikia muhula ukiisha, somo litafungwa na Kagwiria ataachishwa kazi. Nikamkuta darasani baada ya chakula cha mchana, Form Two yote imelala kama kondoo kivulini. Alikuwa anawauliza habari ya treni inayotoka mji mmoja kwenda mwingine. Kwani hapa Isiolo nani anangojea treni?

Damu ikanichemka. Nikaingiza kichwa dirishani, nikawaambia wawache treni, niwape habari ya mwanaume. Nikawaeleza vile pikapu ilinifia pale Maua, nikajitwika gunia la miraa kichwani, nikakimbia mpaka Isiolo kwa saa moja, majani hayajanyauka. Wote wakaamka. Msichana mmoja, Saadia, ambaye mamake huuza maziwa ya ngamia, akasimama akasema kwa heshima zote, mzee, huo ni uongo. Kagwiria hakunifukuza, wala hakumkemea. Alimpa chaki, akamwambia asiseme tu, athibitishe. Akagawanya kilomita ubaoni, wenzake wakimsahihisha kwa kelele, mpaka ikaonekana hata mbuni angeona vumbi langu tu. Na mbuni, Saadia akaongeza akinitazama, habebi gunia. Walicheka mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia.

Nilirudi sokoni na hasira. Mimi, Mungania mzima, kuitwa mwongo kwa chaki! Ijumaa iliyofuata nikawapelekea kubwa zaidi, kwamba kule Kipsing nililiinua lori lililozama mchangani, peke yangu, kwa mti niliouingiza chini yake nikaukandamiza. Wakanichukua mpaka duka la karibu, wakanipima kwa mizani ya mahindi. Wakauliza lori lilikuwa tani ngapi. Wakakuta mti wangu ungekuwa mrefu kama uwanja wa mpira, wakaniuliza kwa adabu niliukata msitu gani. Lakini Saadia hakutosheka. Alitaka kuona ubao wa kawaida unaweza kuinua nini, na macho yake yakamwendea Bwana Umuro, ambaye ana mwili wa fahali. Wakalaza ubao juu ya jiwe, wakamketisha upande ule mfupi, na yule msichana mwembamba akamwinua kwa mkono mmoja, viatu vikining'inia. Bwana Umuro akaomba ashushwe. Halafu akaomba warudie, apate kuona vizuri jiwe limewekwa wapi.

Tangu hapo Ijumaa ni yangu. Wameniwekea sheria: uongo usio na kilo wala kilomita haupokelewi. Dada, unajua ugumu wa kudanganya kwa vipimo? Mimi niliyeacha shule darasa la sita kwa kukimbia hesabu, leo wateja wananingoja nikigawanya kwa kidole kwenye meza.

Juzi wakachagua masomo. Fizikia imepata wanafunzi ishirini na wawili, na Saadia ndiye aliyeandika jina kwanza.

Sasa jikaze. Ule ujumbe wako sikuufikisha. Nilikaa nao muhula mzima. Nilipokuwa nikikuambia kwa simu kwamba anafikiria, yeye hakuwa na habari yoyote. Nimemwambia Alhamisi, mambo yote, hata ile nyumba ya mwalimu ambayo wangempa huko Meru. Alinikasirikia sana, akaniuliza ni nani alinipa ruhusa ya kumchagulia maisha. Nikamwomba msamaha, mimi! Baadaye akaniambia ukweli kwamba ningemwambia siku ile ya kwanza, angeondoka jioni hiyo hiyo. Lakini sasa haendi. Amewapigia wale wa Meru mwenyewe, akawashukuru, akakataa. Akaniagiza nikuandikie kosa langu kwa mkono wangu, nisiongeze chumvi.

Sina kisingizio. Ila miaka yote hii watu wamezicheka hadithi zangu wakaenda zao. Wale watoto ndio wa kwanza kuzipima. Nilitaka waendelee, na sikuona mwingine wa kuwaendeleza ila binti yako.

Kasirika, una haki, lakini nikasirikie mimi. Halafu uje Ijumaa moja. Ukifika hapo langoni usiseme umekuja kumchukua mtoto wako. Sema umekuja kumwona mwalimu.

Nisalimie majirani wote na wazee wa kanisa, hata wale wasioniamini. Mungu akuponye mguu.

Ni mimi ndugu yako,
Mungania