Mjukuu wa Koko Nabintu

Jumatatu, 8 Novemba

Nimefungua duka saa mbili. Vitenge viwili tu vimeuzika, vyote kwa mwalimu mmoja wa Giheke anayeozesha binti. Wateja wangu wa Bukavu hawaji tena kununua. Wanaovuka sasa wanavuka na magodoro kichwani. Risasi zinasikika ng'ambo ya mto, nchi ya pili, tangu Ijumaa, upande wa milimani, na daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza, limejaa watu.

Papa Saidi, mume wangu, ameshona barazani mchana kutwa. Anasema yatapita, kama yalivyopita mara nyingine. Yale ya mara nyingine hayakupita, tuliyazoea tu.

Jumanne, 9 Novemba

Kiongozi wa mtaa alituma mtu msikitini kuuliza nani anajua lugha ya Kimashi. Mama yangu alikuwa Mushi, kabila la wenye Kimashi huko ng'ambo, kila mtu hapa Kamembe anajua. Wakanitaja mimi.

Nimekaa kutwa kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi, kule kiwanjani. Mvua. Matope mpaka kifundo cha mguu. Karani ni kijana mpole, ana Kinyarwanda na Kifaransa. Kiswahili cha ng'ambo anakielewa nusu, Kimashi hata neno. Anauliza: jina, unatoka wapi, uko na nani. Mimi nageuza. Kabla hatujaanza aliniambia nitafsiri kile kile mtu anachosema, nisiongeze wala nisipunguze. Nilimwambia nimeelewa.

Kichwa kinauma. Maneno ya watu arobaini, hamsini, yote yamepita mdomoni mwangu. Nyumba zilizochomwa, nimezitamka mimi. Nimerudi nyumbani nikasukutua mdomo kwa maji ya chumvi, kama mjinga.

Jumatano, 10 Novemba

Leo nimesema uongo, na sijuti.

Asubuhi walileta ndugu wawili, mabinti, mmoja wa miaka kumi, mwingine sita. Walikuja na jirani yao. Karani akauliza, jirani akasema ukweli kwamba si wake. Sheria ni kwamba mtoto asiye na ndugu mtu mzima anapelekwa hema la peke yake, anaandikwa orodha ya peke yake, mpaka mzazi atafutwe. Sheria nzuri, karani alinieleza. Lakini yule mdogo alimshika jirani kitenge, wakambandua kidole kimoja kimoja. Foleni nzima iliona.

Nyuma yao alikuwa bibi mmoja, Koko Nabintu, mwembamba, miguu imevimba. Na katoto ka kike ka miaka mitatu hivi, sweta ya njano, kiatu kimoja. Hakasemi kitu. Nilipomwuliza bibi huyu ni nani wako, alinijibu kwa Kimashi, sauti ya chini. Alimwokota njiani, kule kwenye kilima ambako watu walikimbia ovyo. Alisimama, aliita, hakuna aliyeitikia. Amembeba siku mbili. Anamwita Furaha kwa sababu jina lake halijui.

Kisha akanishika mkono. "Binti yangu, wasinipokonye. Bila huyu ningekaa chini njiani nisiinuke tena."

Karani alikuwa anangoja, kalamu hewani.

Nikamwambia ni mjukuu wake. Jina, Furaha. Akaandika. Wakapita wote wawili.

Nilitembea kurudi nyumbani mwepesi. Siku mbili kwenye meza ile, na hilo ndilo jambo jema pekee nililolifanya.

Ijumaa, 12 Novemba

Mvua ya jana imeangusha mahema. Viongozi wameomba kila nyumba yenye nafasi ichukue watu wawili mpaka mabasi ya kwenda kambini yaje. Wanawake wa msikitini na wanawake wa kanisa la Maman Josée wanapika pamoja, sufuria zetu na kuni zao. Maman Josée ndiye rafiki yangu wa biashara, yeye ni wa Bukavu, ameolewa huku. Wakulima wa Giheke wameleta mihogo na ndizi kwenye baiskeli. Sikutegemea. Watu hawa wenyewe hawana kitu.

Si wote. Jirani yangu wa ukuta mmoja amefunga bomba lake la maji kwa kufuli. Anasema wakimbizi wataleta kipindupindu. Huyu huyu, mwaka ule wa vita huku kwetu, sisi tulipokimbilia ng'ambo, alilala miezi minne kwenye veranda ya Mushi mmoja. Nilitaka kumkumbusha. Nimekwenda kuteka maji mbali.

Nimemchukua Koko Nabintu na mtoto. Nani mwingine ningemchukua.

Jumamosi, 13 Novemba

Leo Papa Saidi amemshonea mtoto gauni la vipande vya kitenge. Amepima kwa macho, limemkaa sawasawa.

Mtoto anakula sambaza, dagaa wa ziwani, pamoja na vichwa na mifupa. Nilimwogesha uani kwa maji ya moto. Nilimwita Furaha, geuka nikusugue mgongo. Akaniangalia sana.

"Mie Aline," akasema.

Sauti ya kwanza tangu aje. Ndogo, ya kukwaruza. Halafu akauliza mama yake iko wapi. Nikammwagia maji kichwani ili nisijibu.

Aline. Kule kwenye daftari ni Furaha, mjukuu wa Nabintu.

Sijamwambia mtu. Jumatatu nitamweleza karani. Nitasema nilisikia vibaya.

Jumatatu, 15 Novemba

Sikumweleza.

Mabasi yalikuja saa tatu, bila kutangazwa. Watu wakaitwa majina. Karani alikuwa anakimbia huku na huku, amelowa. Nilimkaribia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na afande. Mara ya pili nilikuwa na nafasi. Nikafikiria atakavyoniangalia, na wanawake wa msikitini watakavyosikia kwamba mimi, Maman Saidi, napotosha maneno ya watu. Nikamwuliza kama amekula.

Wakaita Nabintu na Furaha. Koko alinikumbatia, alinuka sabuni yangu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake. Kambi iko mbali, safari ya kutwa nzima. Pengine ni heri, nikajiambia. Bibi amepata mtoto, mtoto amepata bibi.

Najua nilikuwa najidanganya. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kudanganywa.

Alhamisi, 18 Novemba

Amekuja.

Mama wa miaka ishirini na kitu, mtoto mchanga kifuani, wa kiume, anakohoa. Kiswahili cha Bukavu. Hakutaka kuandikishwa. Alisema anatafuta binti yake.

"Jina yake Aline. Iko na miaka tatu. Alivaa tiriko ya jaune."

Tiriko ya njano. Sweta ile iko kwangu, Koko aliisahau kwenye kamba. Alisema walikuwa wanashuka kilima, watu wakaanza kukimbia, alimshika mkono, mkono ukachomoka. Alirudi kumtafuta mara tatu.

Nilimgeuzia karani kila neno, sawasawa kabisa, hata rangi ya sweta. Karani akafungua orodha ya watoto wasio na ndugu. Akapitisha kidole ukurasa mzima, kisha mwingine. Hakuna Aline. Hakuna msichana wa miaka mitatu. Akasema nimwambie hayupo.

Nikamwambia. "Hayuko, Maman."

Mimi nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Akamfunga yule mchanga vizuri. Akasema basi mtoto amebaki kule kilimani, na huku yeye anapoteza wakati. Akaondoka. Kulikuwa na watu sita kwenye foleni. Niliwatafsiria wote sita. Ningeweza kusimama na kumkimbilia, alikuwa anatembea polepole. Sikusimama.

Ni woga. Hakuna jina lingine.

Ijumaa, 19 Novemba

Alfajiri nilimwambia Papa Saidi yote. Alikuwa anafunga uzi kwenye cherehani. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Sijawahi kumwona na uso ule, miaka ishirini na sita ya ndoa.

"Nenda ukaseme," akaniambia. "Wakikufukuza, wakufukuze. Lakini nenda sasa, si baada ya chai."

Karani alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alifungua daftari, akatafuta Furaha, akachora mstari juu ya neno moja, akaandika lingine pembeni. Akapiga simu kambini. Mtoto yupo, mzima, yuko na bibi. Kisha akaniambia nisirudi tena kwenye meza. Alisema orodha ile ndiyo macho ya mama aliyepotelewa, na mimi nimeyafumba. Alisema kwa upole. Afadhali angenipiga.

Nimezunguka kiwanja chote nikimtafuta yule mama. Mwanamke anayeuza chai karibu na daraja alimwona jana jioni. Amerudi ng'ambo.

Jumamosi, 20 Novemba

Nimesimama Rusizi ya Kwanza tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwuliza kila mbebaji anayetoka ng'ambo. Mama mwembamba, mtoto mchanga, anatafuta Aline. Hakuna.

Nilitaka kuvuka mwenyewe. Papa Saidi alikuja kunishika mkono mbele za watu, akasema sijui njia za kule tena, nitakuwa mtu wa pili wa kutafutwa. Maman Josée alikuwa anasikiliza. Alijua habari, mji mzima unajua. Nilingoja aniseme. Aliniomba maelezo ya sura ya yule mama, akajifunga kitenge cha pili, akavuka yeye. Mumewe alimkataza. Alivuka.

Wanawake wa msikitini wameniondoa kwenye sufuria leo. Wamenipa ndizi za kumenya, nikae pembeni.

Jumatatu, 22 Novemba

Hakuna habari. Risasi tangu asubuhi. Mume wa Maman Josée amekuja dukani, akasimama mlangoni, akaondoka bila kuingia.

Nimefua sweta ya njano. Nimeikunja.

Alhamisi, 25 Novemba

Wamerudi. Saa sita mchana, kwa miguu.

Maman Josée amekonda kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Alimkuta chini ya kilima, kwenye kanisa lililojaa watu. Yule mama alikuwa amepanda na kushuka siku nne akiita jina. Mvua yote ilimnyeshea. Yeye na mtoto wake mchanga.

Yule mchanga alikufa Jumanne. Kifua. Wamemzika nyuma ya kanisa.

Nimeandika sentensi hiyo, nimeweka kalamu chini, nimetoka nje, nimerudi. Bado iko hapo.

Maman Josée alikuwa amemwambia njiani kwamba Aline yu hai. Hakumwambia juu yangu. Alisema hilo si lake. Kwa hiyo nimelisema mimi, uani kwa Maman Josée, tumekaa kwenye mikeka, yule mama ananiangalia, kitenge cha kubebea bado kimefungwa kifuani, hakina kitu. Nimemwambia nilisema uongo kwa kumhurumia bibi. Nimemwambia siku ile alipokuja nilijua mtoto yuko wapi. Nilimwambia hayuko kwa sababu niliogopa aibu. Sikuomba msamaha. Ningemwomba nini? Yeye ndiye anipe mimi kitu?

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yake.

"Aline anakulaka?" akaniuliza.

Nikasema anakula. Anapenda sambaza.

Akatikisa kichwa. Akasema kule nyumbani alikuwa anazikataa.

Nilimwambia nyumbani kwangu kuna kitanda. Akasema atalala kwa Maman Josée. Sawa. Ni haki yake. Nilimpa sweta, akaichukua bila kunigusa mkono.

Ijumaa, 26 Novemba

Amepanda basi asubuhi. Karani mwenyewe alimpa kiti cha mbele na kumwandikia barua. Nilisimama mbali, upande wa pili wa barabara. Jirani yangu wa ukuta alikuwapo pia, amembebea chupa ya maji na mkate. Yule wa kufuli. Sijui nani alimwambia. Maman Josée, bila shaka.

Mimi sikuwa na kitu mkononi.

Jumatatu, 29 Novemba

Wengine wamevuka. Mia na zaidi, wanasema. Mkalimani mpya ni mwanafunzi, Kimashi chake cha kubahatisha. Karani amepita dukani. Hakuniita nirudi mezani. Alinunua uzi mweusi, akaniuliza neno moja la Kimashi, linavyosemwa. Nikamwambia. Akaandika kiganjani.

Tumechukua watu wengine wawili, baba kipofu na binti yake mkubwa. Papa Saidi ndiye aliyewaleta. Hakuniuliza, na mimi sikukataa. Binti anataka kunisimulia yaliyowapata. Nimemwambia anisimulie akitaka, lakini kule mezani aende akaseme mwenyewe, taratibu, na akirudia mara mbili si vibaya.

Jumapili, 5 Desemba

Saa nane mchana simu imelia, namba nisiyoijua. Koko Nabintu, simu ya kuazima. Amesema wote watatu wamepewa nyumba moja ya turubai. Siku ya kwanza mtoto alimkimbia mama yake, akajificha nyuma ya Koko. Yule mama hakulazimisha. Alikaa chini nje, akasubiri kutwa. Siku ya tatu mtoto alikwenda akakaa karibu naye. Koko alikuwa anasimulia haraka, salio la watu.

Kisha nikasikia simu inapokelewa na mkono mwingine. Pumzi tu. Nilijua ni nani. Sikuthubutu kusema hata alo.

"Amelala," akasema yule mama.

Simu ikakatika.

Nimekaa nayo mkononi. Barazani Papa Saidi amesimamisha cherehani, ananisubiri nimwambie.