Jiwe la Éliakim Kule Njia Mbili

Mutwanga, tarehe 9 mwezi wa sita 2000

Kwa yaya wangu, dada mukubwa mupenzi Débora,
Butembo

Yaya, nakusalimia katika jina la Bwana mwenye alitulinda mpaka asubui ya leo. Habari ya magoti yako? Na ya mume wako baba Kambere na kile kikohozi chake? Mahindi yako ya Kalunguta sijui kama mulivuna, ao basoda balivuna mbele yenu. Sisi huku tuko. Tunakula, tunasali, paa ya kanisa ingali inavuja pale pale juu ya vichwa vya kwaya, na muzee wa kanisa Zorobabel angali anasema ataitengeneza.

Mbele niendelee, nakuomba ukae chini. Kaa, mais hapana kulia. Unajua kwetu kifo hakitumwi na karatasi. Kifo kinatumwa na mutu, na ule mutu unamujua toka mbali kwa namna anatembea. Ukiona barua, ujue hakuna matanga. Donc Éliakim, mutoto wako, eko muzima. Eko hapa kwangu, analala kwa kitanda changu. Nimeanza na hilo juu ninajua moyo wako, miaka hii yote bila habari yake. Mais kuna maneno yenye itapanda mpaka Butembo na magari ya mawese, ya kusema Éliakim njo alileta batu ya bunduki hapa Mutwanga. Pengine imeisha kukufikia sokoni. Ninaandika ili usikie kwangu. Unisamehe kama herufi inakwenda mulalo.

Unakumbuka namna ulimucheka alipokuja kukaa kwangu, ukasema mutoto wa mufanyabiashara anaenda kufagilia bazungu mulima. Ile équipe ya vijana wa kanisa ilikuwa inatunza njia ya watalii, toka huku chini mpaka kule miti inaota ndevu. Kazi yao ilikuwa kukata majani na kupekupe zenye kuwasha mwili, kulaza miti juu ya matope ya potopoto, kuchimba mifereji ili maji isivunje ngazi. Éliakim njo alikuwa mukubwa wao. Vita ilipofika, bazungu bakaisha. Depuis siku ile sijaona hata mumoja na kifuko chake cha mugongo. Mais vijana hawakuacha salongo, ile kazi yao ya pamoja. Jemima, binti yangu, mwenye alishika équipe kisha Éliakim kukimbia, anasema njia ni kama nyumba, ukiihama mwaka moja tu, nyoka njo anakuwa mwenye nyumba.

Sasa usikie desturi moja yao, juu bila hiyo hutaelewa. Kule juu kuna mahali njia inagawanyika, banapaita Njia Mbili. Pale kuna mwamba pana kama meza. Kila kijana wa équipe eko na jiwe lake, mwenyewe alilookota mutoni siku ya kuingia kazi, na benzake banalijua kama banavyojua uso wake. Ukifika pale, unaweka jiwe lako upande ule unaenda. Ukirudi nyumbani, unalibeba. Magaribi, wa mwisho kushuka anaangalia. Jiwe likibaki, mutu angali mulimani, na hakuna mwenye anashuka mpaka aitwe, atafutwe. Hakuna kugusa jiwe la mwenzako. Mwenye jiwe akishindwa kulifuata, mama yake njo analitoa, hapana mutu mwingine.

Siku Éliakim alikimbia basoda benye balikuwa banakamata vijana, akavuka mulima kwenda Uganda, aliweka lake juu ya meza ile, upande wa kupanda. Ni lile jeupe lenye mushipa mweusi katikati. Lilibaki pale. Jemima alikuwa analipangusa tu majani, bila kulisogeza.

Mwaka jana batu ya bunduki benye banaishi kule juu balianza kushuka na ile njia. Njia ya batoto wetu! Balichukua mbuzi, balichukua chumvi, balichukua hata Mathe, kifunga mimba, mutoto wa mwisho wa Zorobabel, na Mathe hajarudi mpaka leo. Zorobabel akasimama kati ya ibada akaambia vijana: mulimufagilia shetani barabara, sasa mufurahi, amepita. Jemima alilia mpaka kichwa kikamuuma, kisha akaacha kulia, akaita équipe.

Balipanda, bakaficha njia ya kweli. Bakang'oa mianzi na majani marefu na mizizi yake, bakaipanda mulangoni pale Njia Mbili, mpaka mutu mwenye hajui anaona ni pori tu. Kisha bakafungua ingine upande wa bonde, njia ya uongo. Inashuka na ngazi za mawe, mifereji huku na huku, miti imelazwa vizuri, halafu inafika kwa yale matope yenye inameza mutu mpaka kiuno, na nyuma ya matope ni poromoko. Niliuliza Jemima juu ya nini banapoteza nguvu kupamba kitu cha uongo. Akanicheka, akasema mama, sisi kutengeneza mubaya hatukufundishwa.

Sasa siku ya soko, Marie-Jeanne, ule mwenye anakata mianzi kule juu, alishuka mbio bila kitambaa cha kichwa. Alisema amemuona Éliakim. Mimi nikaanza kupiga vigelegele, sikumungoja hata amalize. Akanifunga kinywa na mukono wake wenye matope. Akasema anatembea mbele yao. Batu ya bunduki, bengi, na Éliakim wetu mbele anabaonyesha njia.

Soko ilivunjika kama chungu. Batu bakaacha nyanya, bakaacha samaki, kuku bakabaki banatembea juu ya unga. Nilikimbia na sufuria ya maharagi kichwani, inachemka, hata sikujua ninaibeba mpaka ilinichoma. Tukaingia mashamba ya kakao, tukalala chini. Na kule chini ya kakao njo nilisikia ile kitu mbaya kuliko bunduki: batu banasema jina la mutoto wako. Kwa sauti ya chini, kinywa kwa kinywa, kama mutu anapitisha mukebe wa maji. Éliakim. Éliakim wa Orpa, ni kusema wangu mimi.

Hakuna mutu wa bunduki alishuka. Tulisikia tu risasi, mbali, upande wa bonde, kama mutu anapasua kuni. Kisha ukungu ukafunika mulima.

Vijana njo balipanda kuangalia, na upande wa bonde. Balikuta batu ya bunduki bamerudi juu, bameacha viatu na sanduku moja ya risasi ndani ya matope. Na chini ya poromoko, kati ya miti, balimukuta Éliakim, na kipande cha kamba kiunoni na risasi katika muguu. Alikuwa amelala pale siku mbili kwa mvua na baridi ya mulima. Balimushusha na kipoyi, machela ya mianzi, bakapita chini kwa chini kwa kuwahi. Kwenda na kurudi hawakupita Njia Mbili.

Hapa barabarani batu balikuwa bamerudi, bamejipanga. Nilizani watalia naye. Balimupokea na kicheko. Bakasema karibu, monsieur le guide, umetuletea wageni wangapi leo, tuongeze maji kwa mboga? Mama mumoja, mwenye tulikula naye meza ya Bwana, akamumwagia maji ya kuoshea sombe, majani ya muhogo. Zorobabel akasimama mbele ya kipoyi, akaikamata, akauliza neno moja tu: Mathe eko wapi. Éliakim akasema hajui, hakumuona kati yao. Akasema balimukamata katika shamba la kahawa kule Uganda, balipojua yeye ni wa mulima huu, bakamufunga kamba kama mbuzi; na kama alibapeleka kwa bonde, alijua anafanya nini.

Zorobabel akajibu kwa sauti ya kila mutu asikie. Alisema kila mwizi akikamatwa anasema alikuwa anachunga shamba. Alisema Éliakim alikuwa anakuja kwetu kabisa na wageni wake, mais ile njia ya batoto ilimudanganya yeye pia. Tushukuru potopoto, tusimushukuru yeye. Akasema siku ya Mungu, Jumapili, kanisa litakaa, na likikubali, atapelekwa kwa basoda kambini Beni. Na wewe unajua, yaya, mutu mwenye anapelekwa kule na neno kama lile, namna anarudi.

Nikamuingiza nyumbani. Infirmier Paulin, muuguzi wetu, akaja na mufuko wake. Nilishika kichwa cha Éliakim, akaniita mama mudogo kama zamani, akasema usihangaike, waseme tu. Nilisali, mais ni kama maneno ilikuwa inarudi toka kwa mabati na kuniangukia.

Asubui ya siku ya Mungu, mbele kengele ipigwe, Jemima akaenda kwa Zorobabel. Akamuomba wapande pamoja mpaka Njia Mbili kuangalia jiwe la Éliakim, yeye na macho yake mwenyewe, ili kesho mutu asiseme équipe imepanga uongo. Zorobabel akasema miguu yake ni ya muzee. Jemima akasema ngazi zile tulizipima kwa miguu ya bazee. Bakapanda. Kanisa likangoja na kuimba, kuimba, mpaka nyimbo zikarudi mwanzo wa kitabu.

Baliporudi, nilimuona Zorobabel anakuja kwangu, hapana kwa kanisa. Alikuwa bila kofia. Nikamupa kiti, akakaa chini. Akanieleza mwenyewe. Alisema balipofika kwa ile meza ya mwamba, jiwe jeupe halikukuwa mahali pake. Akafurahi, Mungu amusamehe, njo namna alisema. Akaambia Jemima: unaona, alibeba jiwe, donc alikuwa anakuja nyumbani, na bale batu nyuma yake. Jemima akawa mweupe kama unga. Kisha akageuka, akaona. Jiwe lilikuwa kwa njia ya uongo, juu ya ngazi ya kwanza, katikati kabisa, ule mushipa mweusi ukiangalia juu.

Umeelewa, yaya? Mutu mwenye anaenda nyumbani anabeba jiwe lake. Mutu mwenye amepotea na anazani njia ile inafika nyumbani, yeye pia angelibeba. Éliakim aliona mianzi imepandwa mahali hapakukuwa mianzi, aliona ngazi zinashuka kwa bonde lenye hakuna mutu wa équipe angetengeneza njia, na palepale akajua benzake bamefanya nini na juu ya nani. Akajiangusha juu ya mwamba kama mutu amechoka, akaficha jiwe mukononi, akaliacha kwa ngazi ya kwanza. Aliwaandikia namna équipe inaandika: niko huku, na sirudi.

Nikaingia nikamuuliza juu ya nini hakutuambia habari ya jiwe wakati banamutukana. Akasema: sikuliweka kwa kujitetea, mama mudogo. Nililiweka kwa kuaga.

Zorobabel alisikia toka mulangoni. Aliomba maji ya moto na beseni, akapiga magoti yake ya muzee pale kwa kitanda, akamuosha Éliakim ule muguu mumoja wenye ulibaki.

Ndiyo, yaya. Njo neno nimelizunguka toka mwanzo wa barua kama kuku mwenye anatafuta pa kutaga. Paulin aliukata wa kuume, chini ya goti. Ulikuwa umeoza, ulikuwa unapanda na kifo. Nilishika taa, nilishika mukono wake, sikuanguka. Nikaanguka kisha. Sasa homa imetoka. Anakula. Anasema sombe yangu haina chumvi, nikamujibu akaulize bale wageni wake chumvi iko wapi, akacheka, mara ya kwanza. Zorobabel anakuja kila asubui, banakaa pamoja kwa kitanda. Nafikiri anamungojea Mathe pale, juu hajui pengine pa kumungojea.

Hakuna mwenye anasema tena habari ya Beni. Ule mama wa maji ya sombe alileta kuku. Nilimupokea, juu Bwana anataka tupokee, mais sijaichinja bado.

Sasa neno la mwisho. Jiwe lingali pale. Jemima hakulitoa, Zorobabel alipotaka kulibeba alimuzuia. Mwenyewe hatapanda tena. Donc ni wewe, yaya. Ninajua magoti yako, na vijana nao banayajua: toka juma hili banapanda kila siku, banakata ngazi fupi-fupi katika njia ya kweli, moja karibu na ingine, na mahali pa kupumzika banaweka gogo. Kwa mulango wa mianzi batafungua upana wa mama mumoja tu, na ukiisha kushuka batapanda tena mianzi nyuma yako. Njoo na gari ya pasta wenu, lala Beni kwa Lusenge, mwenye anakulazaga ukipita, usitembee magaribi.

Musalimie baba Kambere, musalimie Bénie, binti yako, na batoto wake, uwaambie mama mudogo Orpa hajawasahau kwa maombi. Éliakim anakusalimia, nilimuuliza nikuandikie nini, akasema niandike mulango wa nyumba yako uuache wazi kidogo, siku moja atarudi. Mungu akulinde mpaka tuonane macho kwa macho, na wasingya, asante, kwa mutoto ulimuzaa.

Ni mimi mudogo wako,
Orpa