Mama wa Batonie na Mbuzi ya Papa Lumbwe

Siku ya kwanza, Jumatatu, 5 novemba
Kabwe, mutoto wangu, njo Batonie! Mukubwa wa ma-avoka, mawakili wote kule Lubumbashi. Wamemuchagua juzi. Nilikuwa nageuza ndagala kwenye jua, Padri akaniita ku foni ya misioni. Nilikimbia na mikono ya samaki. Nikalia mbele ya Padri. Sina haya.

Mutoto wa Kalemie! Aliingia mu biro moja ya ma-avoka kubeba mafaili, leo yeye njo anaiongoza, ma-avoka saba chini yake. Hatetei wezi. Kesi zake ni za parseli, viwanja vya watu, za urizi, za nyumba ya mujane. Sokoni nimeambia kila muntu. Jirani yangu Mama Safi akasema: «Mama Kabwe, hata samaki wamekwisha kusikia. Pumzika.» Wivu tu.

Siku ya tatu, 7 novemba
Pongezi zinaingia. Kuku. Mawese. Papa Lumbwe, yule mwenye magazini, duka kubwa karibu na bandari, ameleta mbuzi muzima na kitenge. Aliinama kabisa, na abakosi yake, koti ya kunyoosha: «Mama wa Batonie, ule na wenzako.» Nikapokea kwa mikono miwili. Huku kwetu muntu akileta pongezi, humuulizi ana kesi gani.

Siku ya tano, 9 novemba
Mbuzi tumechinja. Wamama wa koro yetu ya kuimba kanisani wamekula, wamelamba vidole. Kitenge nitavaa misa ya siku ya Mungu.

Siku ya kwanza, Jumatatu, 12 novemba
Hasira imenijaa. Kabwe amenifokea ku foni. Mimi! Na Padri anasikia!

Kumbe Papa Lumbwe ana kesi. Anataka kumunyanganya mujane Adela parseli yake, na biro ya Kabwe njo inamutetea Adela. Lumbwe anatangaza muji wote: mama wa Batonie amekula mbuzi yangu, kesi imekwisha. Adela amesikia. Ameandika barua, anataka dosie yake, makaratasi yote ya kesi, irudi.

Kabwe akasema: «Mama, kazi yangu sasa ni kuhukumu avoka anayekula pande mbili. Nitamuhukumu nani, kama mama yangu amekula?» Lazima nirudishe. Kama sivyo anaacha kiti cha Batonie.

Nirudishe nini? Mbuzi iko mu tumbo la koro! Nilimubeba mugongoni toka Mpala, leo ananifundisha adabu. Sikuaga. Nilitoka.

Siku ya pili, 13 novemba
Sikula. Namuchukia Lumbwe na kuinama kwake. Nachukia mudomo wangu. Kama singejisifu sokoni, angejua mulango wangu? Na Kabwe ana haki. Hiyo njo inaniuma zaidi.

Siku ya tatu, 14 novemba
Nimechukua mbuzi yangu mwenyewe, ile yenye mimba. Kubwa kuliko yake. Nimepita naye katikati ya soko, saa ine ya asubuhi, kitenge chake Lumbwe kimekunjwa juu ya kichwa. Koro nzima nyuma yangu, Mama Safi mbele anafukuza watoto.

Lumbwe akatoka anacheka: «Mama, mimi nilileta pongezi, si kesi.»
«Basi pongezi zako hizi hapa, na mimba juu.»
Nikafunga kamba ku mulango wa magazini. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: nilikula bila kuuliza. Kosa ni langu. Kabwe hakuonja hata mufupa.

Nikageuka, nikaenda zangu. 

Siku ya posho, Jumamosi, 17 novemba
Adela amekuja. Aliketi kwenye kiti cha mulangoni. Kisha akasema amesikia ya sokoni, dosie itabaki kwa Kabwe. Nikamuomba samahani. Akaitika kwa kichwa. Tumekunywa chai.

Kabwe anakuja na treni. Ku foni aliniita mama, pole pole. Nimemwambia Adela aje na watoto wake. Mama Safi pia, na koro. Siku ya Mungu, tarehe 25, misa ikiisha, wote wanakuja hapa kwangu.