Mpira Namba Thelathini na Moja

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu wote watatu. Natumaini hamjambo, na yule mdogo kikohozi kimemwachia. Mimi mwili haujambo. Nakula, nakwenda kazini, nguo zangu nafua mwenyewe. Moyo ndio una shida, na ndiyo maana nakuandikia barua badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa vicheko vyako, nami ningeona afadhali ninyamaze kama nilivyonyamaza wiki zote hizi.

Ujumbe wako wa juzi nimeupata. Umesema umeshamuaga tajiri wako wa ushonaji, umeshaelewana na mwenye chumba cha kando ya barabara, na cherehani ya pili umeshaichagua. Unasubiri tu fedha za ushindi zitoke mwisho wa mwezi. Namba tano kati ya sita si mchezo. Nakumbuka ulivyotania siku ile kwamba namba ya Mama ndiyo pekee iliyokosekana, kwamba alifika mpaka mlangoni, akaona viatu vya watu vimejaa, akarudi zake. Nilisoma utani huo nikiwa kantini na chakula sikukigusa tena.

Umeniuliza mara nyingi ninafanya nini hasa kwenye bahati nasibu ya taifa. Nilipokuambia napima mipira, wewe na shemeji mlinicheka mpaka mkashika mbavu, mkasema serikali ina kazi za ajabu. Leo nikueleze vizuri, kwa sababu usipoielewa kazi hutaelewa nilichokifanya.

Kila Jumamosi alasiri, saa moja kabla ya droo, kompyuta inafunga mauzo. Kuanzia hapo hakuna tiketi inayoingia, hata iwe ya nani. Ndipo tunatoa masanduku manne ya mipira kwenye chumba cha chuma. Kila sanduku lina mipira arobaini na tisa na limefungwa kwa lakiri. Mkaguzi wetu ni mama mmoja tunayemwita Bi Mhuri, kwa sababu tunaamini hata chai yake huigongea mhuri kabla ya kuinywa. Yeye huokota karatasi kwenye bakuli kuamua sanduku gani litumike. Mimi navaa glavu nyeupe, nakata lakiri, napima mpira mmoja mmoja. Ukizidi au ukipungua kwa uzito wa punje ya mchele, hautumiki. Kisha naipanga kwenye sinia, safu saba za saba, Bi Mhuri anahesabu kwa kidole, anasaini, nami naimimina kwenye pipa la kioo. Upepo unavuma kutoka chini, mipira inarukaruka, na sita inapanda bombani mmoja baada ya mwingine.

Ila sita hiyo ya kwanza si ya kweli. Kabla kamera hazijawashwa tunafanya droo tatu za majaribio, kuhakikisha mashine haipendelei mpira wowote. Matokeo yanaandikwa daftarini na hayampi mtu kitu. Baada ya kila jaribio, mipira sita iliyotoka inarudishwa pipani kwa mkono, na mkono wenyewe ni wangu. Hesabu ya Bi Mhuri ni ile ya sinia. Hii ya kurudisha haihesabiwi na mtu. Mashine nayo haijui kuhesabu, inazungusha tu ilichopewa. Miaka sita nimefanya kazi hiyo bila hata kuwaza kwamba hapo pana tundu.

Sasa nije kwenye namba. Mwaka jana ulipokuja hospitali kuchukua nguo za Mama, ulikiona kile kibati cheupe cha kitanda chake, kimeandikwa thelathini na moja kwa rangi nyeusi. Ukasema hutaki isahaulike, na tangu wiki ile umekuwa ukiicheza. Sheria inatukataza sisi wafanyakazi na wale tunaoishi nao nyumba moja. Wewe uko mbali, huna kosa lolote. Ukaiita namba ya Mama, nami nikaitikia. Sikukuambia kwamba kibati kile sitaki kukiona hata ndotoni.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, mpira huo ulianza kunifuata. Mimi ndiye ninayewaeleza wageni wanaotutembelea kwamba mpira hauna kumbukumbu, haujui ulitoka lini wala nani anausubiri. Nasema hivyo na ninaamini hivyo. Lakini ulitoka kwenye majaribio wiki moja, ukatoka na ya pili, na mkono wangu ukajifunza kuuogopa. Nikichemsha maji nyumbani, kifuniko kikianza kugongagonga, nasikia pipa. Nimehama chumbani nalala sebuleni, kwa sababu kitanda changu, na tafadhali usicheke, kilianza kufanana na kile cha wodini.

Jumamosi ile ya tiketi yako, thelathini na moja ulitoka katika majaribio yote matatu. Mara ya kwanza Bi Mhuri aliguna. Mara ya pili fundi wa mashine akasema leo kuna mtu atalala tajiri. Mara ya tatu ulipanda wa kwanza kabisa, ukasimama mbele ya pua yangu, maandishi yamenigeukia. Nilirudisha mipira mitano. Wa sita ulibaki kiganjani, kisha ukaingia mfukoni. Sikupanga, Dada. Nilitaka dakika chache tu za kutouona. Taa zikawaka, mtangazaji akatabasamu, na nchi nzima ikachezeshwa mipira arobaini na minane. Baada ya droo mipira hupimwa upya, nikauchomeka kwenye sinia mahali pake, na Bi Mhuri akagonga mhuri wake.

Wakati huo sikujua tiketi yako ya wiki hiyo ina namba gani nyingine. Nilipojua nilijifungia chooni nusu saa nzima. Usidhani nakuambia ungepata zote sita. Mpira mmoja ukiongezeka, mingine yote inagongana kivingine. Pengine hata hizo tano usingezipata. Hakuna atakayejua kamwe, na hilo ndilo linalonitafuna. Siwezi kusema nimekuibia, wala siwezi kusema sijakuibia. Na tangu siku ile, wiki tatu sasa, thelathini na moja haujatoka tena, hata kwenye majaribio. Nilidhani nitapata nafuu. Badala yake nasimama pale nikiusubiri.

Jumatatu nakwenda kwa mkurugenzi kueleza kila kitu. Droo itafutwa. Kazi sina tena, na huenda nikafungwa. Ushindi wako nao utafutwa, pamoja na chumba na cherehani. Nimetafuta njia ya kusema kweli bila kukugusa wewe, nimeikosa. Nakuomba uende mapema kwa tajiri wako kabla hajaweka mtu mwingine mahali pako. Nisamehe kwa hili, kama unaweza. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia redioni.

Utajiuliza kwa nini mtu mzima aogope kibati cha kitanda. Nilikuambia Mama alifariki usingizini bila kusema neno. Nilikudanganya. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, naye alikuwa macho, akili yake timamu kabisa. Aliniomba nikupigie simu. Alisema kuna jambo anataka kukuambia wewe. Nilimwambia anipe mimi nikufikishie, akakataa, akasema ni lako. Nikatazama saa. Nilikuwa nachelewa droo, nami nikijua ukianza kuongea na Mama hammalizi. Nikamwambia apumzike kwanza, nitakupigia nikirudi. Akasema haya, mwanangu. Nikafunga vifungo vya koti langu pale miguuni pake, macho nimeyakaza kwenye kile kibati ili nisimtazame usoni. Simu ilikuwa mkononi mwangu, Dada, na salio lilikuwamo. Niliporudi saa kumi na mbili kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka nyingine.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Usiponijibu nitaelewa. Ila ukijibu, usiniulize Mama alitaka kukuambia nini, kwa sababu sijui.

Ni mimi mdogo wako,
Mziwanda