Kitanda cha Jemadari Vranko

Dada yangu mpenzi Zdravka,

Shikamoo dada. Barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na mapacha, na kikohozi ulichoondoka nacho kiwe kimekuacha. Mimi ni mzima, tena ndoa imeninenepesha mashavu.

Kwanza nikueleze habari za Ognyan wangu, maana siku ya harusi ulishughulika na watoto, hukumwona vizuri. Dada, mwanamume huyu! Huniamsha kwa kahawa. Akisoma hukunja uso kidogo katikati ya nyusi, nami huacha vyombo majini nikasimama kumtazama. Unakumbuka mimi naye tulipovuta mkate, kuona nani atatawala nyumba, nikapata kipande kikubwa, shangazi Penka akapiga kelele, “Maskini bwana harusi, keshakaliwa!”? Shangazi alikosea. Niliyekaliwa ni mimi, na nilifurahi mno.

Ognyan ndiye aliyepewa ile nyumba ya ghorofa ya tajiri wa biashara ya sufi aigeuze makumbusho ya uzee wa jemadari Vranko. Vita vyake na Waturuki vina makumbusho yake kule milimani. Sisi tumepewa miaka yake ya mwisho. Kwa miaka miwili mume wangu amekusanya bakora, miwani, birika, na kitanda kikubwa cha shaba. Mimi nimeajiriwa kuongoza wageni. Maneno aliyoniandikia niliyakariri kama sala: hapa, wandugu, mji wenye shukrani ulimtunza shujaa wake hadi pumzi ya mwisho.

Sasa habari za bibi yetu. Mwezi wa pili Ognyan alikuta karatasi ya ukumbusho wa marehemu imebandikwa kwenye mlango alioupaka rangi juzi. Ilisema ni miaka sitini na saba tangu jemadari Vranko afe kwa njaa na baridi, katika zizi la ng’ombe, katika mji huu huu. Alipouliza nani ameibandika, bibi Stoyna hakukana. Alimwambia kuwa wakati ule yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyempelekea supu ya maharage kwa kujificha, kwa sababu jemadari aliwaambia wakubwa wapya kwamba wamekalia mito ileile ya viti vya Waturuki, na tangu hapo mji mzima ukaogopa hata kumsalimu. Nyumba ya tajiri wa sufi hakupanda hata ngazi yake moja, alifunguliwa mbwa. Ognyan alimbembeleza, akamwambia watu wanataka shujaa, si zizi. Bibi akamjibu, “Mwanangu, yeye alitaka mkate tu.”

Kisha bibi akaiandikia kamati ya wilaya. Kamati ikasimamisha ufunguzi, ikataka mtu wa familia ya bibi atoe maelezo. Ognyan hakunilazimisha, naapa. Alikaa tu jikoni ameshika kichwa, akisema kazi yake imekwisha. Ungeyaona mabega yake, dada!

Hapa kaa chini. Maelezo niliyaandika mimi. Niliandika kwamba tangu babu afariki bibi amechanganyikiwa, kwamba huwaita majirani kwa majina ya wafu. Bibi yetu, anayejua kwa kichwa siku za kuzaliwa za vitukuu vyake vyote. Nikatia sahihi. Na wala sikukosea kwa kutojua, maana mimi na wewe tumekua tukisikia habari za zizi lile. Wakaniamini mara moja, kwani nani atamsingizia bibi yake? Ognyan akanibusu mikono yote miwili. Halafu, kwa furaha tu, akaniambia kwamba hati ya daktari aliyeuchukua mwili wa jemadari anayo, nayo imeandika zizi. Anaijua tangu mwaka jana. Ameifungia kabatini.

Bado nampenda.

Jumapili tulifungua. Bibi alikuja na kitambaa chake cha kanisani, akakata tiketi kama mgeni, akanifuata chumba hadi chumba. Mbele ya kitanda bibi alisogea karibu. Akanitazama, akasubiri. Nikayasema yote, mpaka pumzi ya mwisho, na watu wakapiga makofi. Shangazi Penka akamtania, “Ee Stoyna, umeona shaba hiyo? Na wewe na zizi lako!” Bibi akageuka, akaelekea nje. Mlangoni alinipa mkono, akaniambia kwa upole, “Umeeleza vizuri sana, binti. Wewe ni wa ukoo gani?”

Waliokuwa karibu walinishika bega, wakanong’ona kwamba masikini, kweli bibi keshapotea. Mimi nilikuwa nimeyatazama macho yake. Ana akili timamu kuliko sisi sote, Zdravka. Alikuwa anauliza.

Tangu siku hiyo nikibisha hodi kwake anakohoa ndani, hafungui. Njoo wewe. Usifikie kwangu, nenda moja kwa moja kwake, na wala usinitetee.

Wabusu mapacha, msalimie shemeji na mama mkwe wako. Ognyan anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia mapishi ya jamu ya plamu.

Mdogo wako,
Nevyana