Tulipokuwa Mke na Mume kwa Ajili ya Nyumba

Omoding, jirani yangu mpendwa,

Simu yako haiingii tangu uvuke mpaka kurudi Mella kwa baba yako, kwa hiyo barua hii nimeiandika iwe wazi. Atakayeisoma, kama anakujua, akufikishie. Sina cha kuficha ndani yake, maana lililokuwa siri ulilitoa wewe mwenyewe.

Unakumbuka ploti yetu, vile vyumba vya mabati vya kupanga kule bondeni? Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba hivi kwamba ukikohoa wewe, naamka mimi. Wewe ulisukuma mikokoteni ya mizigo hapo mpakani Busia, mimi nikipika hotelini. Asubuhi ulikuwa unagonga ukuta kuuliza kama nina makaa ya moto, nami nakupitishia dirishani kwenye kopo. Hatukuwa na zaidi ya hapo. Mtu na jirani yake.

Kisha mwenye ploti akatuambia anabomoa, ajenge ghala. Tulikwenda ofisi ya nyumba za mji, ambako majina yetu yalikuwa yamekaa miaka. Jibu tulilopewa bado linaniuma. "Mtu mmoja hakosi pa kujibanza. Wewe mama una dada. Mwenye watoto watano atajibanza wapi?" Nilitaka kumwambia karani kwamba dada yangu anaishi na mume na mama mkwe katika chumba kimoja. Lakini nyuma yangu alisimama mama aliyebeba mapacha, nikamwonea haya, nikanyamaza.

Wewe ndiye uliyeanza. Nilikuwa nasugua sufuria, ukachuchumaa mlangoni pangu.

"Jirani, tukienda pamoja, wao nahesabu sisi familia."

Nilicheka. Wewe hukucheka.

"Wewe huna mtu," ukasema. "Mimi pia sina. Tunakosea nani?"

Jumapili ile tulikaa mchana kutwa tukijifunza kuwa mke na mume. Ulinieleza kwamba mama yako alikuwa Msamia wa upande huu wa mpaka, kwamba chai hunywi ikiwa na tangawizi, na lile kovu la goti lilitokana na nini. Nami nikakueleza ya kwangu. Nilipofika kwa Nafula, binti yangu aliyefariki kabla hajaanza kutembea, nilijikuta nasema yote. Sikuwa nimelitaja jina hilo kwa mtu yeyote hapa mjini. Ulinishika mkono ukasema, "Hii tunaacha hapa hapa." Nikaona nimepata mtu. Na leo nakuambia usilowahi kulijua: tangu Jumapili ile nilianza kutamani uongo wetu usiwe uongo.

Tukajiandikisha kama mke na mume, na afisa wa nyumba alipokuja kutukagua, viatu vyako vilikuwa chini ya kitanda changu na koti lako kwenye msumari wangu. Afisa huyo, mama mtu mzima, alikaa kwenye stuli, akatazama huku na huku, akauliza swali moja baada ya jingine. Tulijibu vizuri. Kisha akauliza habari za watoto.

"Bado," nikasema, kama tulivyokubaliana.

"Basi mtasubiri. Tunaanza na wenye watoto."

Nilijua unachotaka kusema kabla hujakisema, nikakutolea macho uache. Hukuniangalia.

"Tulikuwa na mmoja," ukasema. "Nafula. Tulimzika."

Afisa akavua miwani. "Poleni sana," akasema, na sauti yake ikalainika kama ya dada wa mtu. "Mngeniambia mapema. Hilo nitalizingatia."

Nyumba ilikuwa imepatikana, Omoding. Niliiona usoni mwake. Kilichobaki ni mimi kunyamaza tu. Lakini nilimwona mwanangu amewekwa pale katikati yetu kama mzigo wa kuvushwa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Huyu si mume wangu. Mtoto alikuwa wangu. Nilimzika peke yangu."

Afisa alisimama. Akasema anaweza kuita polisi saa hiyo hiyo. Nilingoja unikane.

"Mimi ndio nalazimisha yeye," ukasema. "Huyu mama alikataa. Andika mimi."

Haikuwa kweli. Nilikuwa nimekubali kwa kinywa changu. Nilijaribu kusema, ukaniinulia kiganja. Afisa akafuta jina lako, langu akaliacha, akatoka bila kuaga. Ukavaa koti, ukachukua viatu mkononi.

"Nakwenda, jirani."

"Nenda," nikakujibu.

Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Ulitoa kitu ambacho hakikuwa chako. Halafu ukaingia peke yako kwenye moto tuliouwasha wawili. Nimejaribu kupima lipi zito zaidi, nimeshindwa.

Ploti ilibomolewa. Nikawa nalala stoo ya hoteli, katikati ya magunia ya viazi, hadi ulipoitishwa mkutano wa nyumba za mji. Kila aliyesimama alisema familia, familia. Nami nikasimama, nikasema, "Mvua ikinyesha, mtu mmoja naye analowa." Mzee mmoja aliyefiwa na mke akasimama, halafu msichana fundi cherehani, halafu wengine nisiowajua. Yule afisa alikuwa meza ya mbele. Hakuniangalia hata mara moja. Lakini vile vyumba vya zamani vya vibarua nyuma ya soko, vilivyokuwa vimemezwa na majani, vilikarabatiwa vikapewa watu wanaoishi peke yao. Havikututosha wote. Yule fundi cherehani bado anasubiri. Mimi nimepata.

Ufunguo alinikabidhi afisa mwenyewe. Tulisimama mlangoni.

"Yule bwana alipata pa kulala?" akauliza.

"Sijui. Alivuka."

"Alinidanganya mbele ya macho yangu. Lakini kwamba hana nyumba, hapo hakunidanganya. Akija, jina lake nitalirudisha. Atasubiri kama wengine."

Basi njoo, Omoding. Njoo uombe kwa jina lako, peke yako, upange foleni nyuma ya yule msichana. Sikukaribishi kuishi kwangu. Sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu, bado sijafika hapo. Nakukaribisha ukae, unieleze ilikuwaje ukamtaja mwanangu siku ile, nami nikuambie uso kwa uso kile nilichokuwa nikikitamani. Labda tutagombana. Afadhali tugombane kuliko kimya hiki.

Mlango wangu unafungwa kwa ndani sasa. Ukipiga hodi, nitaufungua mwenyewe.

Msalimie mzee, nawe ujitunze.

Mimi, jirani yako